Tone la Tatu

Tone la kwanza la iodini Jummai alilidondosha kwenye maji, yakawa ya manjano tu. La pili likageuza uji wa muhogo kuwa mweusi kwa sababu ya wanga, darasa likapiga makofi.

La tatu liliangukia maziwa ya ng'ombe anayouza mama yake. Aliyachagua makusudi, yawe mfano wa kitu kisicho na wanga hata chembe.

Maziwa yakavilia polepole, yakawa meusi kama jicho lililopigwa ngumi.

“Haa! Kumbe tunauziwa uji!” mwanafunzi mmoja akapaza sauti.

“Nimechanganya vikombe, mwalimu,” Jummai akasema.

Nje, mama yake alikuwa akipita na kibuyu kichwani, akinadi, “Maziwa mazito! Tone la maji halimo!”

Mwalimu, aliyekuwa akiyanywa maziwa hayo kila asubuhi, alimsogezea kikombe kisafi.

“Basi nenda kamwombe mengine, urudie.”