Amri ya Geti

Kwa mamlaka ya bodi nzima ya shule, Sheuya alikuwa Msimamizi Mkuu wa Amri za Geti. Yaani ndiye pekee aliyeikumbuka nywila. Yeyote aliyepewa ruhusa naye akiandika "fungua" kwenye grupu la WhatsApp la shule, geti lilifunguka lenyewe. Asubuhi, kwa utani, alikuwa amemfuta matroni wa bweni kwenye orodha ya wenye ruhusa.

Sasa matroni alikuwa nje mvuani, amembeba mgongoni mwanafunzi Nasoro, aliyebanwa na pumu. Akaandika "fungua"; grupu likamjibu: "Huna ruhusa." Akaliandikia: "Samahani mwanangu, nimekosa nini?"

Sheuya akayasoma hayo, akakimbilia getini huku akiandika amri.

"Mashine hizi, baba!" matroni akahema.

"Si mashine, Mama. Ni mimi niliyekufuta."

Matroni akampita mbio kuelekea zahanati ya shule. Kandambili moja ya Nasoro ilibaki ikielea dimbwini, katikati ya geti lililo wazi.