Choroko za Siwema

Siku hizi walimu wa watoto wenye usonji hawafundishwi kwa vitabu. Wanawekewa kichwani kumbukumbu za wazazi, na mzazi akishazitoa habaki nazo. Wakubwa serikalini ndio waliopitisha sheria hiyo, zao hazikuguswa.

Mke wangu alipokufa, watu wao wakaja kuchukua zangu, zote za jinsi alivyomtuliza binti yetu Siwema.

Jana Siwema aliziba masikio akapiga kelele. Nikabaki nimesimama kama mgeni, nikamwita Mwalimu Kilenga. Akamwaga choroko kwenye bakuli, akamzamisha vidole humo, akamwimbia polepole. Akatulia.

"Huo wimbo umeutoa wapi, mwalimu?"

"Kwako, mzee. Mama Siwema aliuimba hapohapo mkekani."

"Sauti yake ilikuwaje?"

Machozi yakamtoka. Nikampa leso yangu. Mimi sikuihitaji.