Kila Mwanamke Huumia

"Maumivu huanza lini?" daktari alimuuliza mjukuu wangu.

"Akiniona nafunga mlango wa chumbani," mumewe alijibu, akacheka peke yake.

Daktari hakucheka. Alimsogezea binti glasi ya maji, akauliza tena, taratibu. Mjukuu wangu alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda cha kupimia, kiganja amekibana chini ya kitovu.

"Tukikutana," alisema. "Ndani kabisa, kama kisu. Halafu tumbo linauma mpaka asubuhi."

"Visingizio," mumewe alisema. "Sokoni mzima, jikoni mzima. Ugonjwa gani huo unaojua njia ya kitandani tu?"

"Upo," daktari alisema. "Tena si mmoja. Ndiyo maana nataka kumpima."

"Hapimwi mtu hapa. Muulize bibi yake huyo, ndiye aliyemfunda. Kila mwanamke huumia, uma shuka unyamaze. Si ndivyo ulivyomwambia, bibi?"

Ndivyo. Nilimwambia kwa mapenzi, wiki ya harusi yake, kama nilivyoambiwa mimi. Niliuma shuka miaka thelathini nikidhani ndiyo ndoa.

Mjukuu wangu alinitazama. Kucha zake zilikuwa zimezama kwenye kitambaa cha gauni.

"Nilimfunda vibaya," nilisema. "Daktari, hata mimi nilikuwa mgonjwa. Sikujua."

Mumewe alisimama. "Akipimwa, asirudi kwangu. Mtalala wagonjwa wawili."

Mjukuu wangu alipandisha miguu kitandani, akajilaza.