Kiraka kwenye Bawa

Bibi alikuwa bado anacheka pale kidole chake kilipogusa kiraka kwenye bawa la ndege pichani, na kicheko kikakatika.

Mchumba wa mjukuu wake alikuwa amemletea picha kuukuu za ndege ndogo za kurushwa na marubani azitambue, maana ujanani Bibi alishona vitambaa vya kufunika mabawa ya ndege kwenye karakana ya uwanja wa ndege. Ya kwanza aliijua kwa gurudumu la mkiani, ya pili kwa mabawa yaliyopandana.

"Bibi, wewe ni kiboko!" kijana alisema. "Na hii je?"

Kiraka kilikuwa cha pembe tatu, mishono imekatizana. Alikishona mwenyewe asubuhi ile mumewe aliporuka na rubani mwenzake. Rubani alirudi peke yake kwa miguu, akaapa kwamba ndege imezama ziwani na mwenziwe ndani.

Lakini hapa ndege ilikuwa nzima, kavu, juu ya mchanga. Rubani yule ameegemea bawa, anatabasamu, kavaa koti la mumewe.

"Huyo ni baba," kijana alisema kwa fahari. "Si ndiye anayekuja leo kujitambulisha kwenu?"

Nje gari likazimwa. Mjukuu akaita kutoka jikoni, "Wageni hao! Bibi, nifungue?"

Bibi aliichomeka picha kifuani, ndani ya gauni.

"Mwanangu," alimnong'oneza kijana, "kama unanipenda, usimwambie baba yako kwamba nimeiona."