Mche wa Mvule

Bwana Shomvi, mwenye kiwanda cha mbao, alisimama juu ya kisiki akiwafundisha akina mama wa mtaa umuhimu wa miti. Mmoja wao, mama aitwaye Sikujua, alimsikiliza huku amebetua midomo. Mtu huyu ndiye aliyeunyoa mlima mzima mpaka chemchemi zikakauka, na leo amewagawia fulana na soda ili awaambie kwamba wao, kwa mizigo yao ya kuni, ndio wanaoharibu mazingira. Wenzake walipiga makofi. Aliwaona wote hovyo, na yeye mwenyewe pia, maana soda alikuwa ameinywa.

"Panda popote upendapo, mama yangu," Shomvi alisema akimkabidhi mche, huku mpiga picha akisogea.

"Popote?"

"Popote kabisa."

Sikujua akashuka nao hadi barabara ya vumbi itokayo mlimani, akaanza kuchimba katikati yake.

"Wewe mama! Hapo malori yangu yanapita!"

"Najua."

Akapiga magoti, akashindilia udongo kwa viganja. Lori la magogo likachomoza konani likipiga honi. Hakuinua kichwa. Nyuma yake alisikia kandambili za mwenzake mmoja zikishuka mbio, kisha za mwingine.