Mteja wa Kiti cha Mwisho

Yai lilikuwa limepoa na kiini kimeganda sahanini, lakini Wendell aliendelea kulila, polepole, kipande kwa kipande.

Viti vitatu kutoka kwake, Hoyt wa gereji alikuwa akimmiminia Verlene haradali kichwani. Iliteremka taratibu, ikapita sikioni, ikaingia ndani ya kola nyeupe iliyopigwa pasi vizuri. Wanafunzi weusi, pamoja na Verlene, walikuwa wanne. Walikuwa wameketi kwenye kaunta ya mkahawa iliyotengwa kwa weupe pekee, katikati ya mji wa Nashville, wakaagiza kahawa. Hilo tu ndilo kosa lao.

"Mbona kimya, malkia?" Hoyt alisema. "Au unataka na sukari?"

Wenzake wakaangua kicheko. Mmoja akatema mate. Yalimtua Verlene shavuni, naye hakuyafuta.

Wendell akameza. Yai lilimpita kooni kama kamasi.

"Nikuongezee kahawa, mwanangu?" mhudumu alimwuliza kwa sauti tamu, huku akipangusa kaunta na kuikwepa mikono ya Verlene kana kwamba ina ukoma.

"Asante, mama."

Hoyt akamsukumia chupa ya haradali. "Ndugu yangu, unatuachia kazi peke yetu? Shika. Zamu yako."

Verlene alimtupia Wendell jicho moja kupitia kioo cha ukutani, akainamisha uso haraka.

Wendell angeweza kusimama. Angeweza hata kusema neno moja.

"Niache nimalize kula," alisema, akacheka. Kicheko chenyewe kilimtoka kama kitu kilichooza.

"Mwacheni mtoto wa mama ale!" Hoyt alisema, akamvuta kijana aliyeketi kando ya Verlene, akamwangusha sakafuni na kumpiga teke la mbavu. Wendell akachovya mkate.

Polisi walipofika, walimpita Hoyt na wenzake, wakawatia pingu wale wanne.

"Pole kwa usumbufu, bwana mdogo," askari mmoja alimwambia Wendell. "Malizia chakula chako."

Alikimaliza. Akalipa, akavuka barabara hadi kwenye kibanda cha simu, akatapika kando yake. Kisha akapiga simu kanisani.

"Dada Odessa, ni mimi. Wamewachukua wote wanne, na hakuna hata mmoja wao aliyerudisha pigo. Viti viko wazi, leta kundi la pili." Akajifuta mdomo. "Halafu mwambie Mchungaji kesho amtafute mwingine wa kujifanya mteja, akila na kutazama. Mimi nipeni kiti kando ya Verlene."