Mauzo ya Kiwanja 213

Bwana Kemboi, mkuu wa ofisi ya ardhi, alijifungia chooni mara tu aliposikia viatu vya mwanamke vikipanda ngazi.

"Mwambie niko fildi," alinong'ona nyuma ya mlango.

Kihara, mhasibu wake, alibaki peke yake mezani. Mkaguzi wa hesabu, mwanamke kutoka Nairobi, alitarajiwa wiki hiyo, na Kihara alikuwa hali wala halali. Viwanja vya umma vilivyouzwa mwaka uliopita alivikatia risiti akiwa kitini. Kemboi alitaja namba, yeye akaandika. Hakukanyaga hata kimoja.

Mama wa makamo akaingia, bahasha kwapani, akasema anaitwa Hadiya. Kihara akampisha kwenye kiti cha bosi, akaagiza samosa.

"Sikuja kula," alisema Hadiya. "Kiwanja 213 kiliuzwa?"

"Kwa mnada, madam. Halali kabisa."

"Na pesa zilifika serikalini?"

"Zote! Hakuna shilingi iliyopotelea njiani."

"Kwenye hati hii mmeandika ni ardhi wazi, haina jengo. Ni kweli?"

Kihara hakujua. Lakini kusitasita mbele ya mkaguzi ni kujitafutia kesi.

"Nilienda mwenyewe, madam. Ni nyasi tu, na mbuzi wa watu."

"Waweza kuniandikia hivyo, na muhuri?"

Aliandika kwa mwandiko wake mzuri, ule wa kadi za Krismasi. Akagonga muhuri mara mbili, wa pili ukiwa wa heshima tu. Kemboi, aliyekuwa ametega sikio, akatoka chooni akijifuta mikono, akatia sahihi chini yake.

"Huyu kijana nilimfundisha mimi," alisema kwa majivuno.

Hadiya aliisoma barua taratibu, akaitia ndani ya bahasha. Kihara akashusha pumzi.

"Ukifika Nairobi, madam, utusalimie wakubwa."

"Nairobi nina nani? Mimi nauza mbao hapa Nakuru. Hicho kiwanja nilikinunua mimi, na kila nikitaka kuingia naambiwa eti pana watu."

Akafungua dirisha, akampungia mkono dereva wa tingatinga lililokuwa likinguruma langoni.

"Tokeni, jamani," aliwaambia kwa upole. "Anaanzia ukuta huu."